UZI: Tundu la risasi kwenye bati husomwaje, na kwa nini mabaki ya ndege ya Hammarskjöld hayakumaliza ubishi

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Septemba ikifika habari ya ndege ya Dag Hammarskjöld inarudi, na kila mara ubishi unakwama palepale. Mmoja anasema ndege ilipigwa risasi. Mwingine anamjibu: mbona wachunguzi hawakuona risasi hata moja kwenye mabaki? Basi hapo ni matusi mpaka uzi unafungwa. Leo naomba tuingie kwenye chuma chenyewe. Tundu la risasi kwenye bati lina mengi ya kusema, lakini lina masharti yake, na Ndola masharti hayo hayakutimia. Jambo hili linaniuma, kwa sababu watu 16 walikufa pale na hadi leo hakuna anayeweza kuzipa familia zao jibu la moja kwa moja.

Kwa wasioijua habari: usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa (UN), alikuwa safarini kutoka Leopoldville (Kinshasa ya leo) kwenda Ndola, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, ili vita vya huko visimame. Ndege ilikuwa DC-6B iliyoitwa Albertina. Ilianguka msituni usiku wa manane, kilomita chache tu kabla ya uwanja, magurudumu yakiwa yameshateremshwa. Mtu mmoja tu alikutwa hai, Harold Julien, askari wa usalama wa UN, naye alifariki hospitalini siku chache baadaye baada ya kuzungumzia mlipuko.

Kuna kipande cha habari hii ambacho wengi hawakijui. Ndege hiyohiyo ilikuwa na alama ya risasi isiyobishaniwa na mtu. Asubuhi ya tarehe 17 iliporuka kutoka Elisabethville (Lubumbashi) ilifyatuliwa risasi kutoka chini. Ilipofika Leopoldville mafundi waliikagua wakakuta risasi moja imetoboa kifuniko cha injini na kuharibu bomba la moshi. Wakatengeneza, ikaruka alasiri. Tazameni tofauti: asubuhi ndege nzima, bati halijaungua, fundi anaona tundu na kuelewa kilichotokea. Usiku ndege ileile ni rundo la alumini iliyoyeyuka. Uzi wote huu uko kwenye tofauti hiyo.

Naanza na bati zima, kisha nitarudi Ndola.

#2 Mwanzisha uzi

Risasi ikigonga bati jembamba kwa kasi, haitoboi kama drili. Inalisukuma bati mbele yake mpaka linavutika na kupasuka. Kwa hiyo upande wa kuingilia kingo zinabonyea kwenda ndani, na upande wa kutokea bati linafunguka vipande vilivyochongoka kuelekea nje. Pitisha kidole (ukiwa na glovu nzito, zile ncha zinakata) na utajua risasi ilitoka wapi kwenda wapi. Kama bati lina rangi, rangi inabanduka kuzunguka tundu, na kwenye ukingo mara nyingi unabaki mduara mweusi. Huo ni uchafu ambao risasi imejifuta pale inapopita: masizi ya baruti, mafuta ya mtutu, risasi laini (namaanisha ile metali) na shaba ya gamba lake.

Mduara huo unapimika kwa kemia. Mtaalamu analowesha karatasi ya kuchuja kwa asidi hafifu, anaigandamiza kwenye ukingo wa tundu, kisha anapulizia sodiamu rodizoneti. Kama kuna risasi ya metali, karatasi inageuka waridi, na ikipuliziwa asidi hidrokloriki hafifu inahamia zambarau-buluu. Kwa shaba kuna kemikali nyingine, dithiooksamidi, inayotoa kijani cheusicheusi. Kwa hiyo hata risasi yenyewe ikiwa imepotelea porini, tundu linaweza kukiri kwamba lilitobolewa na risasi na si kwa msumari au kipande cha mti.

Sasa pembe. Risasi ikiingia wima kabisa, tundu ni la duara. Ikiingia kwa kulala, tundu linarefuka kama yai. Gawanya upana kwa urefu, kisha tafuta pembe ambayo saini (sine) yake ni jibu hilo. Upana milimita 8, urefu milimita 16, jibu ni 0.5, pembe nyuzi 30 kutoka usawa wa bati. Hesabu ya kidato cha nne tu.

Hapa ndipo watu wanapotapeliwa na michoro mizuri ya kwenye televisheni, kwa hiyo niwe wazi. Risasi ikiingia karibu na wima, hesabu hii ni dhaifu sana. Upana 8, urefu 8.4: unapata nyuzi 72. Kosea kipimo kwa 0.2 tu, soma urefu kuwa 8.2, na tayari umeruka mpaka 77. Kwa tundu refu la milimita 16, kosa hilohilo halifikishi hata nusu ya nyuzi. Isitoshe bati si karatasi: linavutika, na risasi yenyewe inaweza kupinda ikiligusa. Mtaalamu mwaminifu hatoi mstari mmoja, anatoa upana wa eneo.

Ndiyo maana wakipata matundu mawili ya risasi moja, mfano bati la nje la mlango wa gari na lile la ndani, wanapitisha fimbo. Hata fimbo ina uongo wake. Ikiwa nafasi kati ya mabati ni sentimita 10 na fimbo inacheza milimita 3, ukiuvuta mstari huo mpaka mita 30 umeshakosea karibu mita nzima. Mita moja ndiyo tofauti ya aliyefyatua akiwa dirishani na aliyefyatua akiwa mlangoni.

#3 Fundi Bodi

Mkuu nakazia. Kazi yangu ni kunyoosha bodi na kupiga rangi. Gari zimewahi kuja zina tundu limezibwa puti na kupakwa rangi safi, mwenyewe anasema ni kutu. Ukikwangua puti ukaona bati limevutwa kuingia ndani kama mdomo wa chupa, hiyo si kutu. Kutu inakula bati linakuwa jembamba na kumegeka, halivutiki. Tundu la drili nalo linajulikana, lina michirizi ya kuzunguka na vichengachenga ukingoni.

Swali langu: risasi iliyoparaza tu bila kutoboa, inasomeka?

#4 Mwanzisha uzi

Fundi, umeniwahi, na maelezo yako ni sahihi kabisa. Swali lako nalo ni zuri kwa sababu alama ya kuparaza wakati mwingine inasema mengi kuliko tundu.

Risasi ikija kwa pembe ndogo sana kwenye boneti au paa, hailitoboi bati, inachimba mfereji mfupi na kuchepuka. Pale inapogusa mara ya kwanza, ukingo wa alama unakuwa mkali na uliopinda vizuri, na rangi inabaki imebanwa kwenye bati bila kubanduka. Upande wa kuondokea, alama inatawanyika na rangi inatoka vipande. Pia rangi inapasuka nyufa ndogondogo pembeni mwa mfereji, ukizitazama kwa kurunzi iliyolazwa utaona mfuatano wake umefuata mwendo wa risasi.

Na kuna hili ambalo mimi binafsi naliona la ajabu. Risasi inatoka mtutuni ikizunguka, kwa sababu ndani ya mtutu kuna mifereji iliyosokotwa. AK ina mifereji minne inayosokota kulia. Risasi inayozunguka ikiparaza bati kwa pembe ndogo, haiondoki ikiwa imekaa sawasawa, inaegemea upande wa mzunguko wake. Basi mkia wa alama unavutika upande mmoja. Mtutu wa kulia, mkia unaachwa kulia. Kwenye paa la gari lenye rangi nzuri, mtaalamu anaweza kuanza kubagua aina za silaha kwa mkwaruzo tu, hana risasi wala ganda mkononi.

#5 Wakili Msomi

Mwanzisha uzi, shukrani. Mahakamani nimesikia shahidi akisema "tundu hili ni la SMG" (yaani AK). Je, inawezekana kwa kuangalia tundu peke yake?

#6 Mwanzisha uzi

Wakili, kwa tundu peke yake, hapana. Mbane hapohapo.

Risasi ya AK ina kipenyo cha takribani milimita 7.9. Ile ya NATO 7.62 kwa 51, ya kwenye bunduki ya FN FAL, ni takribani 7.8. Tofauti ni sehemu ya kumi ya milimita, na bati lililovutika halitunzi kipimo hicho. Tundu linaweza kukuambia "hii si bastola ndogo" au "hii imeingia kwa kasi kubwa". Kutaja bunduki kunahitaji risasi yenyewe au ganda lake. Risasi inabeba mikwaruzo ya mtutu, ganda linabeba alama ya pini iliyoligonga. Tena hata ulinganishaji huo wa mikwaruzo umeshatiliwa shaka na wanasayansi: ripoti ya baraza la washauri wa sayansi wa Rais wa Marekani ya mwaka 2016 ilisema majaribio ya kupima usahihi wake bado yalikuwa machache mno. Muulize shahidi: umepima nini, kwa kifaa gani, na kosa lako ni kiasi gani?

Sasa tuingie Ndola, maana jibu hili ndilo mlango wake.

Miili ya baadhi ya walinzi wa Hammarskjöld ilikutwa na risasi ndani. Watu waliposikia hivyo mwaka 1961 wakasema basi, walipigwa risasi. Lakini risasi zile zilipochunguzwa hazikuwa na mikwaruzo ya mtutu. Fikiria maana yake. Risasi inapenya mtutuni kwa nguvu kubwa mpaka mifereji inachimbika kwenye gamba lake la shaba. Haiwezi kupita pale ikatoka safi. Risasi isiyo na alama hizo haikufyatuliwa na bunduki. Ilitoka kwenye ganda lililolipuka kwa moto, na walinzi walibeba risasi zao.

Ganda linapolipukia motoni hali ni nyingine kabisa. Mtutu haupo wa kulibana, kwa hiyo shaba inapasuka, gesi inatoka pembeni. Kilicho chepesi ndicho kinachoruka: vipande vya ganda na ile fataki ya nyuma. Risasi yenyewe ni nzito, inasogea kidogo tu. Na fataki inakuwa haina kidonda cha pini. Ukikuta vitu hivi vitatu pamoja, ganda lililochanika, fataki isiyogongwa na risasi isiyo na mikwaruzo, unajua ni moto.

Ubishi haukuishia hapo, kwa sababu wapo wataalamu wa Sweden waliosema risasi inayolipukia motoni haina nguvu ya kuingia mwilini kiasi kile. Ni hoja ya haki. Mimi naona mikwaruzo inashinda: nguvu ya mlipuko inategemea ganda limebanwa na nini, kama lilikuwa ndani ya mkanda wa risasi uliogandamana na mwili, lakini alama za mtutu haziji na kuondoka kwa kubahatisha. Ila shikeni neno hili: ushahidi huo unazihusu risasi zilizokutwa miilini tu. Hausemi chochote kuhusu kilichotokea nje ya ndege.

#7 Mtu wa Lubumbashi

Jambo kwenu wote. Huku kwetu wazee bado wanaitaja ile Fouga, ndege ndogo ya jeti ya Katanga. Kama Fouga ilipiga Albertina, si mabati yangekuwa na matundu mstari mzima? Na kama waliyeyusha mabaki wakatafuta risasi wakakosa, si jibu limepatikana?

#8 Mwanzisha uzi

Ndugu wa Lubumbashi, karibu sana. Maswali yako mawili ndiyo kiini.

Fouga Magister ya Katanga ilibeba bunduki mbili za rashasha puani. Ndege ikifyatua kutoka nyuma au juu, risasi zinafika zikiwa zimelala upande mmoja. Kwenye bati zima ungetegemea matundu marefu yanayoelekea kulekule, mengine mikwaruzo tu, yote yenye pembe zinazokaribiana. Mpangilio huo hauwezi kuigwa na matawi ya miti, kwa sababu matawi yanachana mbele kwenda nyuma bila utaratibu na hayaachi mduara wa shaba ukingoni. Kwa hiyo ndiyo, bati lingesema.

Tatizo ni kwamba bati halikuwepo. Sehemu kubwa ya kiwiliwili cha ndege iliungua. Alumini safi inayeyuka kwenye nyuzi 660, na mchanganyiko unaotumika kutengenezea ndege unaanza kulainika chini ya hapo. Kingo zilizobonyea kuingia ndani, ncha zilizochongoka kutoka nje, rangi iliyobanduka, mduara wa uchafu: vyote vinakwenda na moto. Kinachobaki ni bonge.

Mabonge hayo yalichunguzwa kweli. Max Frei-Sulzer, mtaalamu wa kitengo cha sayansi cha polisi wa Zurich, alipewa kazi hiyo, na alumini iliyogandamana ikayeyushwa ili kutafuta metali ngeni ndani yake. Wazo lenyewe ni zuri. Risasi laini inayeyuka kwenye nyuzi 327, lakini shaba inahitaji zaidi ya 1,000 na chuma takribani 1,500. Ukiyeyusha alumini kwa moto wa kiasi, gamba la shaba au kiini cha chuma kitabaki chini ya sufuria kama mawe kwenye mchele. Hakukuta dalili ya risasi.

Sasa tafuteni upungufu. Njia hiyo inanasa risasi iliyobaki ndani ya bonge. Risasi iliyotoboa bati jembamba ikaingia huku ikatokea kule, imeshapotelea msituni. Ushahidi wake pekee ulikuwa tundu, na tundu limeyeyuka kabla ya sufuria. Kwa hiyo "hatukukuta risasi" ni kweli, ila haitoshi kusema "haikupigwa". Na wala haitoshi kusema ilipigwa. Tume ya Rhodesia mwaka 1962 ilihitimisha kuwa ni kosa la rubani. Tume ya UN mwaka huohuo ilikataa kufika hapo, ikaacha chanzo wazi. Kwa kipimo cha chuma peke yake, UN walikuwa sahihi.

#9 Fundi Bodi

Nimeelewa. Lakini ipo ajali ambayo bati lilisema? Isije kuwa haya ni ya vitabuni tu.

#10 Mwanzisha uzi

Ipo, na ni ya karibuni. MH17 ya Malaysia Airlines, 17 Julai 2014, mashariki mwa Ukraine. Watu 298.

Pale nako kulizuka dai kwamba ndege ya kivita iliipiga kwa mzinga wake. Lakini bati la upande wa kushoto wa chumba cha marubani lilipatikana, likakusanywa na kuunganishwa upya kwenye kambi ya jeshi la anga ya Gilze-Rijen, Uholanzi. Ripoti ya Bodi ya Usalama ya Uholanzi ya Oktoba 2015 ilieleza waliyoyasoma. Matundu yalitoka nje kwenda ndani. Ukubwa wake ulikuwa kati ya milimita 6 na 14. Yalikuwa zaidi ya 350 kwenye vipande vilivyopatikana, na ukijumlisha sehemu zilizokosekana walikadiria yalizidi 800, mahali pengine yakisongamana zaidi ya 250 kwa mita moja ya mraba. Mzinga wa ndege hauwezi kusonganisha matundu hivyo kwenye kitu kinachokimbia angani. Walipoyafuata maelekeo yake kurudi nyuma, mistari ilikutana eneo moja dogo, juu na kushoto kwa pua ya ndege. Rashasha isingekutanisha mistari hivyo, mlipuko ndio unaotawanya vipande kutoka mahali pamoja.

Kisha vipande vyenyewe: vidogo vya chuma, vingine vina umbo la tai ya kipepeo, na juu yake kulikuwa na alumini na kioo cha ndege vilivyogandia wakati vinapenya. Ni ule mduara wa uchafu niliousema mwanzo, safari hii kinyume: ndege imejifuta kwenye kipande. Hitimisho likawa kichwa cha kombora la Buk, linalorushwa kutoka ardhini, na mwaka 2022 mahakama ya Uholanzi iliwatia hatiani watu watatu bila wao kuwepo.

Ndege zote mbili zilianguka wakati wa vita na siasa nzito. Moja bati lake la kichwani lilibaki, nyingine halikubaki.

#11 Wakili Msomi

Kwa hiyo habari ya Ndola imekufa kisayansi?

#12 Mwanzisha uzi

Hapana, imehamia kwingine. Mwaka 2013 jopo lililoongozwa na jaji mstaafu wa Uingereza Stephen Sedley lilisema kuna ushahidi mpya wa kutosha kuufungua uchunguzi. UN ikamteua Mtanzania mwenzetu, Jaji Mohamed Chande Othman, kwanza mwaka 2015 kuongoza jopo la wataalamu, kisha kuanzia 2017 akiwa peke yake. Ni fahari kwetu, na nasikitika anatajwa kidogo sana nyumbani. Hakwenda kutafuta matundu ambayo hayapo. Alifuata mashahidi wa Kizambia ambao mwaka 1961 walipuuzwa, rekodi za redio, na nyaraka za mashirika ya ujasusi. Ripoti yake ya 2017 inasema ni jambo linalowezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa chanzo, ama kwa kuipiga ndege moja kwa moja, ama kwa kuwashtua marubani wakapoteza umakini kwa muda mfupi wakati wanashuka.

Hilo la pili lisomeni mara mbili. Ndege inayoshuka usiku juu ya miti inaweza kuangushwa bila risasi kuligusa bati lake. Hapo hata mabaki yangekuwa mazima yasingekuwa na tundu la kuonyesha.

#13 Mtu wa Lubumbashi

Nimesikia kuna Mswidi ana kipande cha ile ndege chenye matundu madogo. Kingesaidia?

#14 Mwanzisha uzi

Ni Göran Björkdahl. Baba yake alikipata alipokuwa akifanya kazi Zambia, na kipande hicho ndicho kilichomsukuma kuanza kuwatafuta wazee wanaoishi karibu na pale na kuwasikiliza. Kazi hiyo ya mashahidi ina thamani kubwa kuliko bati lenyewe.

Kuhusu bati: mtu yeyote akikuletea kipande kama hicho, muulize mambo haya kabla ya kushangaa. Kilitolewa lini na nani alikishika tangu siku hiyo? Kinatoka sehemu gani ya ndege, na upande upi ulikuwa nje? Matundu yako kwenye mstari wa ribiti au pembeni yake? Kingo zimevutwa kwenda wapi, na zote zinaelekea upande mmoja? Je, ukingo una shaba au risasi, au una udongo na kutu tu? Kipande kilichokaa porini kwa miaka, kikapita mikono mingi, mara nyingi kinashindwa kwenye swali la kwanza tu, na hapo hata maabara bora duniani haiwezi kukisaidia sana.

Mwenye picha za karibu za mabaki ya 1961 kutoka kwenye kumbukumbu za Zambia au Sweden, aziweke hapa tuzitazame kingo pamoja.